Askari wa Mwili: Habari ya Chanjo, toka Ndui hata Saratani ya Ngozi

Mtu akitoka Mpanda na kushika njia ya magharibi, mwisho wa safari yake atafika Karema, penye Ziwa Tanganyika. Hapo Wabelgiji walijenga boma mwaka 1879, na mwaka 1885 boma hilo likatiwa mikononi mwa Mapadre Weupe. Mahali palipokuwa pa bunduki pakawa pa sala na shule. Mwaka 1889 akafika hapo kijana mmoja Mwafrika mwenye ujuzi wa dawa, jina lake Adrian Atiman. Kwao ni mbali sana, upande wa Timbuktu, katika nchi iitwayo leo Mali. Alipokuwa mtoto alikamatwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara kama mzigo. Huko Algeria Mapadre Weupe wakamkomboa, wakamlea, kisha wakampeleka katika kisiwa cha Malta ajifunze utabibu. Naye alikaa Karema akiwatibu watu na kuwafundisha dini hata alipokufa mwaka 1956.

Twaanza na habari ya mzee huyu kwa sababu kazi yake aliifanya katika nchi yetu hii, ambayo tangu mwaka 2012 ni Mkoa wa Katavi. Na tena kwa sababu kila mtu aliyepata kufungwa donda na tabibu aweza kujiuliza neno moja. Tabibu alilisafisha donda, akalifunga kitambaa; lakini ngozi ilifungwa na nani? Hapana tabibu awezaye kuiunga nyama chembe kwa chembe. Mwili hujiponya kwa nguvu aliyoitia Muumba ndani yake, na kazi ya tabibu ni kuisaidia nguvu hiyo. Katika habari hii twataka kueleza jinsi wanadamu walivyojifunza, kwa muda wa miaka 300, kuiamsha nguvu hiyo, na jinsi wanavyoitumia sasa kupigana na saratani ya ngozi kwa punje ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Neno hili latuhusu sana sisi wa Katavi, kama msomaji atakavyoona mbele.

Ugonjwa uliowafundisha watu mwanzo ulikuwa ndui. Wazee wetu waliujua na kuuogopa, kwa maana ulisafiri pamoja na misafara ya pembe na watumwa, ukaacha vijiji vitupu nyuma yake. Lakini watu wenye macho waliona jambo moja: aliyepata ndui akapona, hakushikwa nayo tena. Basi katika nchi kadha wa kadha za Afrika na Asia palikuwa na desturi ya kutwaa usaha kidogo wa mgonjwa na kuutia katika mchanjo wa mtu mzima wa afya, ili augue kidogo asife. Huo ndio ule usemi wetu, dawa ya moto ni moto.

Mwaka 1721 ndui iliingia katika mji wa Boston huko Marekani. Mhubiri mmoja wa mji ule, Cotton Mather, alikuwa na mtumwa Mwafrika jina lake Onesimus, yaani jina lile la mtumwa ambaye Mtume Paulo alimwandikia Filemoni habari zake. Mtumwa huyu alikuwa amekwisha kumweleza bwana wake jinsi alivyochanjwa kwao Afrika alipokuwa angali kijana. Mather akayakumbuka maneno hayo, akawaandikia matabibu wa mji. Karibu wote walimcheka, na watu wengi walikasirika. Mmoja tu, Zabdiel Boylston, alikubali, akachanja watu zaidi ya 240. Katika hao wakafa 6. Lakini katika wale walioshikwa na ndui kwa njia yake ya kawaida, ambao walikuwa karibu 6,000, walikufa zaidi ya 800. Basi mji mkubwa ulipata fundisho kutoka kinywani mwa mtumwa.

Walakini dawa ile ilikuwa na hatari, kwa kuwa ndui yenyewe ndiyo iliyotiwa mwilini. Njia bora ilipatikana Uingereza. Tabibu Edward Jenner alisikia kwamba wanawake wakamuao ng'ombe, wakiisha kupata ndui ya ng'ombe, ambayo ni nyepesi, hawashikwi na ndui ya watu. Tarehe 14 Mei 1796 alimchanja mtoto wa miaka 8, James Phipps, kwa usaha wa ndui ya ng'ombe. Baadaye alipomtia ndui yenyewe, haikumshika. Toka siku ile chanjo ikaenea dunia nzima. Mtu wa mwisho kushikwa na ndui kwa njia ya kawaida aliugua Somalia mwaka 1977, naye akapona. Na mwaka 1980 ikatangazwa kwamba ndui imekwisha duniani.

Jenner alijua kuwa chanjo yafaa, lakini hakujua mwilini mnatendeka nini. Fumbo hilo lilianza kufumbuliwa mwaka 1882 na mtaalamu Mrusi, Elie Metchnikoff, alipokuwa akikaa Messina, katika kisiwa cha Sisilia. Alikuwa akichungua watoto wa kiti cha pwani, mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota. Nao huangaza kama kioo, hata mtu aweza kuona yaliyo ndani. Alimchoma mmoja mwiba mdogo. Asubuhi yake akaona chembe hai zimeukusanyikia mwiba ule pande zote, kama watu wa kijiji wanaomzingira chui. Akatambua kuwa mwili una askari wake, na ya kuwa askari hao humshika mgeni na kumla. Kwa kazi yake juu ya kinga ya mwili alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1908, pamoja na Paul Ehrlich wa Ujerumani.

Sasa tufike kwenye saratani, ambayo ni adui wa namna nyingine. Mwili wa mtu umefanyizwa kwa chembe hai nyingi mno, ambazo wataalamu huziita seli. Kila seli ina kazi yake na mpaka wake. Ikichakaa hufa, nyingine hushika mahali pake. Saratani ni seli iliyoasi. Haitaki kufa, haitaki mpaka, huzaana bila kiasi na kuwapokonya wenzake chakula, kisha huenda kukaa katika viungo vingine. Ndui ni adui atokaye nje, na askari humtambua kwa sura yake ngeni. Mwasi huyu ni mzaliwa wa nyumbani. Amevaa nguo zile zile za wenyeji, na mara nyingi askari humpita bila kumjua.

Je, askari wa mwili waweza kufundishwa kumtambua? Mwaka 1891 mpasuaji mmoja wa New York, William Coley, alijaribu. Alikuwa amesoma habari ya mgonjwa aliyekuwa na uvimbe wa saratani shingoni. Mgonjwa huyo alishikwa na ugonjwa mwingine wa ngozi wenye homa kali, na homa ilipokwisha, uvimbe ulikuwa umetoweka. Coley akawatia wagonjwa wake vijidudu vya ugonjwa ule ili kuwaamsha askari. Wengine walipona, wengine walikufa kwa homa yenyewe, na matabibu wengi hawakumsadiki. Baadaye mionzi ikapatikana kuwa dawa ya saratani, na kazi ya Coley ikasahauliwa na wengi.

Hatua nyingine twaipata karibu nasi, huko Uganda. Katika nchi zetu saratani nyeusi ya ngozi, iitwayo melanoma, hutokea mara nyingi katika wayo wa mguu. Mwaka 1967 tabibu M. G. Lewis, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, alichapisha habari ya wagonjwa wa namna hii. Katika damu ya baadhi yao aliona silaha za kinga ya mwili zilizoshika seli za saratani ya mgonjwa yule yule. Maana yake askari walikuwa wamekwisha kumwona mwasi, wakaanza vita. Mwaka 1969 yeye na wenzake wakaandika tena ya kuwa silaha hizo zilionekana zaidi kwa wale ambao saratani yao ilikuwa bado mahali pamoja. Ilipoenea mwilini, silaha hazikuonekana. Basi wakulima wa Uganda, kwa damu yao, waliwasaidia wataalamu wa dunia kuuliza swali kubwa: ikiwa askari wapo na wameanza vita, mbona hushindwa?

Jibu moja lilipatikana katika miaka ya 1990. Askari wa mwili wana breki. Muumba aliwawekea breki hizo kwa hekima, ili wasije wakakasirika kupita kiasi na kuushambulia mwili wenyewe. Lakini saratani ni mwerevu. Hukanyaga breki hizo ili askari wasimame. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha jinsi ya kuzifungua. Dawa ya kwanza ya namna hii ilikubaliwa Marekani mwaka 2011 kwa ajili ya melanoma, na wataalamu hao wawili wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Mwaka huo huo dawa nyingine ya kufungua breki ilikubaliwa huko kwa saratani ya ngozi ya namna ya pili, ile itokayo katika tabaka la juu la ngozi iliyochomwa na jua. Msomaji aikumbuke namna hii ya pili, kwa maana tutairudia.

Lakini kufungua breki hakutoshi ikiwa askari hajui aende wapi. Ahitaji kuonyeshwa sura ya mwasi. Hapa ndipo zinapoingia punje za nano. Twaa milimita moja, uigawanye mara milioni moja: kila sehemu yaitwa nanometa. Unene wa unywele mmoja ni kama nanometa 80,000. Punje hizi za dawa zina upana wa nanometa 100 hivi, hata ukizipanga mstari mmoja, zapata 800 ndipo zitimize unene wa unywele. Nyingi zimefanyizwa kwa mafuta, kama kitone kidogo mno, na ndani yake umefichwa ujumbe.

Ujumbe huo huitwa RNA, nao ni kama barua inayoiambia seli ifanye kitu gani. Barua hiyo ni dhaifu. Ikitiwa mwilini wazi, huharibika upesi. Punje ya mafuta ni bahasha yake. Na kwa kuwa ni ndogo, hupita katika vijia vya mwili hata kwenye tezi za kwapani, shingoni na kinenani. Tezi hizo sote twazijua. Zikivimba kinenani kwa sababu ya kidonda mguuni, twasema mtu ameota mtoki. Hapo ndipo kambi ya askari. Walinzi wa kambi huimeza punje, huisoma barua, kisha huwaonyesha askari alama ya mwasi, wakisema kama kwamba, “Mwenye alama hii, mshikeni.” Jiwe la Daudi lilikuwa dogo, lakini lilifika mahali palipotakiwa.

Katalin Karikó na Drew Weissman, ambao katika mwaka 2005 walionyesha jinsi ya kuiandika barua hiyo ili mwili usiikatae, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2023. Chanjo za korona za namna hii zilianza kutolewa kwa watu wengi duniani mwezi Desemba 2020. Kisha wataalamu wakaijaribu njia ile kwa saratani. Wagonjwa 157 wa melanoma, ambao uvimbe wao ulikwisha kukatwa lakini ulihofiwa kurudi, waligawanywa mafungu mawili. Wote walipewa dawa ya kufungua breki, na fungu moja likaongezewa chanjo ya punje za nano. Kila mgonjwa wa fungu hilo aliandikiwa barua yake mwenyewe, yenye alama za saratani yake hata 34. Mwezi Desemba 2022 ikatangazwa kwamba katika fungu lililochanjwa hatari ya saratani kurudi, au ya mgonjwa kufa, ilipungua kwa sehemu 44 katika 100. Hiyo si habari ya ushindi kamili, na baada yake majaribio makubwa zaidi yalianzishwa. Lakini toka Onesimus hata hapo twaona njia ni moja: kumwonyesha askari adui yake mapema.

Huenda msomaji atauliza, “Haya yanatuhusu nini sisi wa Mpanda, Mishamo au Karema?” Yatuhusu kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, ambao zamani waliitwa kwa jina la zeruzeru, jina lisilofaa tena. Katika Tanzania hukadiriwa kuwa mtu mmoja katika watu 1,400 huzaliwa hivyo. Ngozi yao haina rangi ya kutosha iitwayo melanini, ambayo kwetu sisi wengine ni kama mwavuli tuliozaliwa nao. Jua letu lawaunguza tangu utoto, na mara nyingi huwaletea ile saratani ya namna ya pili tuliyoitaja. Mwaka 1985 matabibu wa Dar es Salaam walichapisha habari za watu 350 wenye ualbino. Wakaona ngozi zao zina alama za kudhuriwa na jua toka mwaka wa kwanza wa maisha. Wengi wao hufa wangali vijana, si kwa laana wala kwa mikosi, bali kwa jua na kwa kuchelewa.

Na tuseme kosa letu wenyewe. Katika darasa letu alikuwamo mtoto mmoja mwenye ualbino, mwenye akili nyingi katika hesabu. Alikaa karibu na dirisha apate kuona ubao, na jua la asubuhi likamwangukia upande mmoja wa uso kila siku. Akatokewa na kidonda sikioni. Bibi yake alidhani ni donda ndugu, akamtia majani. Sisi walimu tulikiona kidonda kile muhula mzima, tukamwuliza kama chauma. Akasema hakiumi, nasi tukanyamaza. Alipopelekwa hospitali ilibidi sehemu ya sikio ikatwe. Kwa rehema ya Mungu saratani haikuwa imeenea, na mtoto yule anasoma hata leo, amevaa kofia pana, amekaa mbali na dirisha. Lakini kila tumwonapo twakumbuka ya kuwa kiti kile tulimpa sisi. Wahenga walisema kweli: mdharau mwiba, mguu huota tende.

Basi dawa zile za punje za nano zi mbali na kijiji chetu, na bei yake ni kubwa. Hospitali ya Ocean Road, iliyofanywa taasisi ya saratani mwaka 1996, iko Dar es Salaam, na ni safari ndefu kwa reli toka Mpanda kupitia Kaliua na Tabora. Bugando ya Mwanza nayo si karibu. Lakini kuna mambo yaliyo karibu. Kofia yenye ukingo mpana na nguo ya mikono mirefu zapatikana sokoni. Kivuli cha mwembe hakinunuliwi. Mtoto mwenye ualbino asitumwe shambani wala kuchezeshwa uwanjani kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri. Yako pia mafuta ya kuzuia jua. Ya namna moja, yaitwayo Kilisun, yalianza kutengenezwa Moshi, kwa ajili ya watu hawa hasa. Na hata hapo punje ndogo zina kazi: katika mafuta ya kuzuia jua ya namna nyingine mna punje za nano za zinki, zinazokinga ngozi kama ngao.

Tena kila mtu, mweusi na mwenye ualbino, ajichungue. Kidonda kisichopona kwa mwezi mmoja, gamba litokalo na kurudi, doa jeusi linalokua katika wayo au chini ya ukucha, lipelekwe kwa tabibu hata kama haliumi. Saratani iliyo ndogo hukatwa ikaisha. Wale wagonjwa wa Kampala walitufundisha hilo: ugonjwa ungali mahali pamoja, askari wangali na silaha.

Limebaki neno moja zito. Hasa toka mwaka 2007 nchi yetu imeaibika kwa mauaji ya watu wenye ualbino, katika mikoa ya Ziwa na katika pande hizi za magharibi. Wapiga ramli waliwadanganya watu kwamba kiungo cha mtu huyo huleta utajiri. Ndugu Wakristo, historia tuliyoisimulia ni ushuhuda juu ya uwongo huo. Miaka 300 wataalamu wameuchungua mwili wa binadamu, toka mchanjo wa mkono hata kitu kilicho kidogo kuliko unywele mara 800, nao wameona nguvu ndani yake kweli kweli. Lakini nguvu hiyo ni ya kumlinda mwenye mwili, wala haihamishwi kwa panga. Nayo ni ile ile ndani ya mweusi na ndani ya mwenye ualbino. Askari wao hawana rangi.

Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kuwa kanisa ni mwili mmoja, na kiungo kimoja kikiumia, vyote huumia pamoja. Seli za kinga hulitii fundisho hilo pasipo kulisoma: mwiba ukichoma wayo, askari hutoka hata mbali wakaukimbilia. Sisi tulisomao, je, tutamwacha mtoto wa jirani akae juani? Mwenye kofia mbili na ampe asiye nayo.